Ukimya wa Annapurna Devi

Je, msanii aliyerithi hazina ya vizazi ana haki ya kuwanyima watu sauti yake? Suala hili hujitokeza bayana katika maisha ya Annapurna Devi (1927–2018), bingwa wa surbahari, yaani sitari kubwa yenye sauti nzito. Babaye, Allauddin Khan, ndiye aliyemfunza muziki wa mkondo wa Maihar, huko Bara Hindi. Katika miaka ya 1950 aliacha kupiga hadharani, akabaki kufundisha nyumbani, wala hakutoa santuri sokoni.

Wapo wauonao uamuzi huo kuwa ni uchoyo. Hoja yao ina uzito, ila inasahau kwamba raga haihifadhiwi kwa santuri pekee. Santuri hutunza utendaji mmoja. Mwalimu hurithisha uwezo wa kubuni utendaji mwingine. Nikhil Banerjee, mpiga sitari, na Hariprasad Chaurasia, mpiga filimbi ya mwanzi, walipitia mikononi mwake (naye hakuwa mpiga filimbi!).

Hata hivyo, mguso wa vidole vyake kwenye nyuzi za surbahari haumo katika filimbi ya mwanafunzi, na msikilizaji wa kawaida, asiyekuwa na nafasi darasani, hakuulizwa.