Mwambie Mwenyewe

Ndugu akikopa pesa za chama na kushindwa kulipa, sisi hufanya nini? Tunapeleka jina lake kwa kikundi cha maombi. "Tumwombee fulani, ana shida ya madeni." Kufikia Jumapili kanisa zima linajua, na yeye hajui kwamba tunajua. Eti huo ni upendo!

Soma 2 Samweli 12. Daudi alikuwa amemchukua mke wa Uria, kisha akapanga Uria auawe vitani. Nathani alienda kwa mfalme mwenyewe, mtu ambaye angeweza kumuua pia. Alianza polepole, na hadithi ya maskini na kondoo wake mmoja, mpaka Daudi akakasirika kwa ajili ya yule maskini. Ndipo akamwambia wazi kwamba mwenye kosa ni yeye. Wengi wetu tunaishia kwa hadithi, halafu tunasema, "Si nilimwambia?"

Na Nathani hakumwacha. Ukifika 1 Wafalme 1, Daudi ni mzee, anasikia baridi hata akifunikwa nguo, na Nathani bado anaingia chumbani mwake.