Cheti na Dhamana

Tarehe 19 Novemba 2013, jengo la maduka lililokuwa likijengwa Tongaat, kaskazini mwa Durban, liliporomoka. Wawili walifariki, 29 wakajeruhiwa. Siku chache kabla, mahakama ilikuwa imeamuru ujenzi usimamishwe.

Je, ampaye mkandarasi kazi humkabidhi pia dhamana ya maisha ya vibarua? Sheria ya fidia ya Afrika Kusini ya mwaka 1993 inasita kukubali: mkandarasi asiposajiliwa na kulipa michango ya Mfuko wa Fidia, wafanyakazi wake huhesabiwa kuwa wa yule aliyempa kazi. Ndiyo maana wenye miradi hudai cheti cha Mfuko kwanza.

Sheria hiyo ni mapatano. Aliyeumia hulipwa hata pasipo kosa la mtu. Badala yake, hawezi kumshtaki mwajiri wake kudai hasara. Anayekwepa michango hula matunda ya mapatano asiyoyatimiza.

Lakini hata aliyelipa hajamaliza deni. Cheti huonyesha nani atalipa nguzo ikianguka; hakimwondolei mwenye mradi wajibu wa kuitazama ingali imesimama. Fidia hufuata msiba, ilhali dhamana hutakiwa kuutangulia.