Upandeni kwa Miguu

Wanangu mnaokwenda kusoma Cape Town, Mlima wa Meza mtauona hata kabla hamjafungua masanduku. Naomba mwaka wenu wa kwanza usiishe hamjaupanda, tena kwa miguu.

Lipo gari la waya, linabeba watu tangu 1929, nalo hufika juu kwa dakika chache. Si vibaya kulipanda, hasa mzazi akija kuwatembelea. Lakini wengi hushuka pale, wakapiga picha, wakarudi wakidhani wamefika kileleni. Kilele kiko mbele, mwendo wa karibu saa nzima, penye rundo la mawe liitwalo Maclear's Beacon: mita 1,086 juu ya bahari. Mwanafalaki Thomas Maclear aliiweka alama ile katika kazi yake ya kupima umbo la dunia.

Anzeni na njia ya Platteklip. Mtaambiwa Mreno António de Saldanha aliupanda mlima mwaka 1503. Ni kweli, ila Wakhoikhoi walikuwa wakichunga mifugo chini ya mlima huo zamani kabla yake, kwa hiyo msikubali historia ianzie kwa Mreno. Huko chini kuna kijito. Simameni hapo. Wanawake watumwa walifua nguo za mabwana zao kwenye mawe yale, wakazianika pale pale mlimani. Watumwa wa Cape waliletwa kutoka Msumbiji, Madagaska, India na visiwa vya Indonesia. Bahari iliyowaleta ni hii hii yetu ya Hindi. Tieni mkono majini, muwakumbuke, ndipo muendelee.

Njia ni ngazi za mawe mtindo mmoja, na jua huipiga asubuhi yote, maana inatazama kaskazini. Ondokeni alfajiri. Kila mtu na maji yake, lita mbili, na koti hata kukiwa na joto. Upepo wa kusini-mashariki ukivuma, wingu jeupe huufunika mlima, njia isionekane, na gari la waya husimamishwa. Mkiona hivyo geukeni, hata kama mmebakiza kidogo. Wala mtu asiende peke yake. Waporaji huvizia wapweke.

Mkifika juu, tazameni kaskazini mkione kisiwa cha Robben. Nelson Mandela alifungwa pale miaka 18 kati ya 27 ya kifungo chake. Yeye na wenzake waliuona mlima huu ng'ambo ya maji, wasiweze kuukanyaga. Ninyi hamna wa kuwazuia, na anayepanda kwa miguu Platteklip halipi kiingilio. Nendeni.