Mjomba na Ukuta wa Taa

Mwaka jana niliweka kalamu chini nikaanza kubeba paneli. Kuandika hakukuwa kunalipa kodi ya nyumba, na kuna jamaa wanaokodisha skrini za LED walikuwa wanatafuta vijana wenye mgongo. Paneli moja ni nusu mita kwa nusu mita, kilo kama saba, na usoni ina nukta za mwanga zaidi ya 16,000. Unazipanga kama mawe ya ujenzi mpaka ukuta mzima uwake. Harusi, matanga, siasa, krusedi: ukuta ni ule ule, ni picha tu zinabadilika.

Siku moja tukapelekwa kufunga ukuta katika kanisa moja katikati ya jiji la Nairobi. Nilipoinua macho nikaona, juu kabisa nyuma ya viti, vidirisha viwili vidogo vya mraba. Hapo ndipo nikajua niko wapi. Mjomba wangu alionyesha sinema kupitia vidirisha hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini, hadi wenye jumba walipolifunga wakamwambia aende nyumbani. Hakupewa hata asante.

Nikampigia simu aje. Niseme ukweli: sikumwita kwa mapenzi tu, nilikuwa na insha kichwani. Nilitaka autazame ukuta wetu aseme hauna roho, nami niandike. Hata kichwa cha insha nilikuwa nacho tayari.

Wengi wetu tulizaliwa tukakuta diski na flashi, kwa hivyo nieleze kidogo. Filamu ya 35mm ni mkanda wa picha zisizosogea, 24 kwa kila sekunde. Kila picha inasimama mbele ya taa, halafu kipande cha chuma kinachozunguka kinaziba mwanga huku mkanda ukivutwa kuleta picha inayofuata. Kinaziba tena picha ikiwa bado imesimama, ili jicho lisisumbuliwe na kupepesa. Ukijumlisha, karibu nusu ya muda skrini haina kitu. Yaani umelipia sinema ya saa mbili, na karibu saa nzima umekaa kwenye giza na wenzako bila hata mmoja kugundua. Manze, niliposoma hivyo mara ya kwanza nilikosa usingizi. Nilidhani hoja yangu imekamilika: filamu ilituachia giza tujaze wenyewe, LED inatumwagia kila kitu.

Mjomba akafika na koti lake la Jumapili, ingawa ilikuwa Alhamisi. Ukumbi ulikuwa umezimwa taa, fundi anajaribu ukuta kwa video ya bahari. Mjomba akasimama mbali. Akasogea karibu mpaka akaona nukta. Akarudi nyuma, akakaa.

"Ni safi," akasema.

Nikamchokoza. "Lakini si ni kama haina uhai, Mjomba?"

"Uhai gani? Wewe unajua kopi tulizokuwa tunaletewa?"

Akanieleza. Mkanda ulifika kwake ukiwa umeshazunguka majumba mengine, umekwaruzwa mpaka kwenye skrini unaona mvua hata jangwani. Ukikatika, unakata kipande kilichoharibika unaunganisha, kwa hivyo kila mji ulikuwa umemega chake. Kuna wimbo wa filamu moja ya Kihindi aliuonyesha mwezi mzima bila kujua unaishaje. Watu wanapiga miluzi, wanamtukana, na walikuwa wamelipa pesa yao kama mtu mwingine yeyote.

Insha yangu ikafia hapo. Wanaoililia filamu kwa sauti kubwa mara nyingi wanaililia kopi mpya. Mwaka 2023, Oppenheimer ilipotoka, ile ya IMAX ya 70mm ilikuwa mkanda wa kilomita kama 18, na ilionyeshwa katika majumba kama 30 duniani kote. Hakuna hata moja Afrika. Sisi tuliiona kidijitali, na msee wa kiti cha nyuma Nairobi aliona picha isiyo na mkwaruzo hata mmoja. Siwezi kumwambia amepunjwa.

Kilichonisumbua usiku huo ni mimi mwenyewe. Kwa nini nilihitaji filamu iwe bora ndipo nimtetee Mjomba? Ni kama vile heshima yake ilitegemea mashine yake kushinda. Lakini mashine yake ilishindwa, yeye mwenyewe amekubali, na bado alifukuzwa vibaya. Hizo ni hesabu mbili, na tumezoea kulipa moja tukadhani tumemaliza zote. "Ni maendeleo, bro." Sawa, ni maendeleo. Deni liko wapi? Na mimi niliyebeba paneli kuziingiza mlango ule ule aliotokea, nadaiwa kiasi gani?

Kuna kitu kimoja tu kilimuuma, na hakikuwa picha. Nilimwambia kwamba siku hizi sinema huja majumbani kama faili iliyofungwa, na ufunguo wake hufungua mashine fulani tu, kwa tarehe fulani tu. Tarehe ikipita, faili lipo lakini halifunguki. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Kwa hivyo hata wewe uliye na filamu, huna filamu?"

Zamani, onyesho la mwisho likiisha, wakati mwingine aliwarudishia wafagiaji na vijana wa tiketi filamu nzima, bure, wakiwa wamenyoosha miguu kwenye viti vya bei ghali. Hakuna aliyeombwa ruhusa. Mkanda ulikuwa mikononi mwake.

Kabla aondoke akaniomba tuzime ukuta aone. Nikamwashiria fundi. Projekta haiwezi kurusha weusi. Kile tunachoita usiku kwenye sinema ni kitambaa cheupe kilichokosa mwanga wa kutosha, na siku zote kuna mwanga kidogo unaovuja. LED ikizimwa imezimwa. Bahari ikapotea, ukumbi ukawa shimo.

Tukakaa hivyo muda mrefu.

"Miaka yote ile," akasema kwenye giza, "hii nyeusi sikuwahi kuipata."

Kisha akauliza kama choo bado kiko upande ule ule.