Maziwa ya Mama Kikombeni: Haki ya Mtoto na Hukumu Yake

Twamhimidi Mwenyezi Mungu na twamsalia Mtume wake. Amma baad:

Enyi ndugu zetu, wengi katika watu wa pwani wamekwenda bara kutafuta riziki Makambako, pale njia ya Songea inapokutana na reli ya TAZARA, na Njombe, nchi ya baridi, chai na viazi. Baadhi yao wana mke huko na mke mwingine Tanga au Kilwa. Hao khasa twawaandikia, walakini maneno haya yamhusu kila baba.

Nchi ile ina chakula kingi. Hata hivyo, hesabu ya serikali ya mwaka 2022 ilikuta kiasi cha nusu ya watoto wa mkoa wa Njombe walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Basi ghala kujaa si mtoto kushiba. Chakula chake cha kwanza ni maziwa ya mama. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu ametaja muda wake kamili kuwa miaka miwili, na papo hapo akampa baba jukumu la chakula na nguo za mama. Na wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema kuwa dang'a, yale maziwa ya mwanzo, ni wajibu mama ampe mtoto. Asiyamwage mtu kwa kudhani ni machafu.

Huenda mama akarudi kazini, au mtoto akazaliwa njiti asiweze kunyonya. Hapo mama hukamua. Aoshe mikono kwa sabuni, na chombo kwa maji ya moto. Akande ziwa kwa kitambaa cha uvuguvugu. Aweke gumba juu na vidole chini, mfano wa hilali, nyuma kidogo ya chuchu. Asukume kuelekea kifuani, kisha abane na kuachia, bila kuburura ngozi. Mwanzo hutoka matone tu. Asikate tamaa, kwani maziwa huzidi kwa kutolewa. Yasikae nje zaidi ya muda wa saa nne. Yasichemshwe, bali chombo kitiwe katika maji ya moto mpaka yapate uvuguvugu, na mtoto anyweshwe kwa kikombe safi.

Nawe mume, kazi yako ni ipi? Teka maji, leta kuni, zuia wageni apate kupumzika. Kwani mama mwenye hofu na uchovu maziwa yake hayashuki vema. Na akiwa ameajiriwa, sheria ya kazi ya mwaka 2004 yampa hadi saa mbili kila siku za kunyonyesha. Msaidie kuidai haki hiyo.

Tena lipo jambo zito. Maziwa ya kikombeni ni sawa na ya kifuani. Mtoto wa jirani asiyetimiza miaka miwili, akinyweshwa mara tano mbalimbali, amekuwa mwana wa mkeo. Nawe u baba yake wa kunyonya, na wanao wa yule mke wa Tanga ni ndugu zake. Ndoa baina yao ni haramu. Uqba bin Harith alikwisha oa, ndipo mwanamke akamjia akasema aliwanyonyesha yeye na mkewe. Hakuwa na khabari. Alisafiri kutoka Makka hata Madina kumuuliza Mtume s.a.w., na mwisho wake wakatengana.

Basi kumsaidia mtoto wa jirani ni wema mkubwa, wala hatuuzuii. Lakini andikeni katika daftari: jina la mtoto na wazazi wake, jina la mama mwenye maziwa, na mara ngapi alinyweshwa. Wazazi wake wapewe nakala, na nyumba ya pili ipelekewe khabari. Leo ni kikombe kimoja cha maziwa. Baada ya miaka ishirini ni posa mlangoni.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awakuze watoto wetu kwa afya na azihifadhi nasaba zetu. Amin.