Mbegu Hailiwi: Neno la Kuanza Mwaka

Masomo: 2 Wafalme 4:1-7, Yeremia 28 na 29:1-14, Kumbukumbu la Torati 22:6-7



Tunamshukuru Mungu aliyetufikisha mwaka mwingine. Wengi tulioanza naye mwaka uliopita hawapo. Sisi tupo, si kwa ujanja wetu, bali kwa neema. Basi mtu aliyepewa mwaka ajiulize: nitaufanyia nini? Tukiimba usiku wa mwaka mpya na asubuhi tukarudi kwenye madeni yale yale na ugomvi ule ule wa nyumbani, tumebadilisha kalenda tu.

Leo tuongee juu ya pesa. Wengine watasema pesa si habari ya kanisani. Lakini Biblia haioni haya kuitaja, na shetani naye haoni haya kuitumia. Nyumba nyingi hazivunjiki kwa sababu ya imani. Zinavunjika siku ya mgao, pale baba anapotaka hivi na mama anataka vile.

Mjane na chupa ya mafuta

Katika 2 Wafalme sura ya 4 kuna mama mmoja mjane. Mume wake alikuwa mcha Mungu, mmoja wa wana wa manabii. Alikufa akaacha deni, na mwenye deni akaja kuchukua watoto wawili wawe watumwa. Tuone kwanza jambo hili: mtu anaweza kumpenda Mungu sana na bado akafa na deni. Biblia haisemi deni lilitoka wapi, na Elisha hakumgombeza mjane. Basi na sisi tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mtu aliyekimbia usiku na mtoto mgongoni, ambaye mgao wake unaisha kabla ya mwezi, hakosi kwa kuwa ni mvivu. Mungu anajua.

Lakini tuone pia Elisha alifanya nini. Hakumpa pesa. Alimwuliza: nikusaidie nini, na nyumbani una kitu gani? Mama akajibu kwamba hana kitu. Kisha akakumbuka chupa moja ya mafuta. Muujiza ulianzia kwenye kile alichokisahau. Wapendwa, wewe nawe una nini nyumbani? Kuna mwenye cherehani, mwenye jembe, mwenye mikono ya kufuma au kufinyanga. Kuna aliyekuwa mwalimu kule Moba, au fundi wa baiskeli kule Pweto. Kimbia uliyokimbia haikukunyang'anya kile ulichokijua.

Mafuta yalipojaa vyombo, Elisha alitoa amri tatu, kwa mpangilio: uza, lipa deni, kisha wewe na watoto mwishi kwa kinachobaki. Sisi mara nyingi tunageuza: tunakula kwanza, tunauza kilichobaki, na deni tunaliombea. Nabii hakuliombea deni. Alisema lilipwe.

Kaloba, shimo lisilo na ngazi

Hapa Zambia kila mtu analijua neno kaloba. Tufanye hesabu pamoja. Tuseme umekopa kwacha 200 kwa riba ya nusu kila mwezi. Mwezi wa kwanza unatakiwa kurudisha 300. Ukishindwa, mwezi wa pili ni 450. Ukishindwa tena, mwezi wa tatu ni 675. Ulikula 200 kwa siku nne, na sasa unadaiwa zaidi ya mara tatu yake. Hapo ndipo mtu anaweka rehani kadi yake ya chakula, na chakula cha watoto kinakwenda nyumbani kwa mwingine. Tofauti yake na yule aliyekuja kuchukua watoto wa mjane iko wapi?

Neno hili lina pande mbili. Kwa anayekopa: usikope kaloba kwa ajili ya kula, nguo za sikukuu au kinywaji. Kwa anayekopesha, hasa kama unakaa nasi katika benchi moja na kushika kikombe kimoja: soma Kutoka 22:25-27. Mungu anamkataza mtu wake kumtoza riba maskini aliye jirani yake. Akichukua vazi lake kuwa rehani, alirudishe kabla jua halijachwa, kwa sababu huyo maskini hana kingine cha kujifunika. Ndugu, unaposhika kadi ya mjane, unashika shuka lake la usiku. Mrudishie. Uanze mwaka na mikono safi.

Samaki aliyekwisha

Kutoka Mofwe mpaka Kashikishi, wazee wa nchi hii wanamkumbuka samaki aitwaye pumbu. Kila masika alipanda mto Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga mayai. Watu wakamngoja njiani, wakamvua akiwa na mayai tumboni. Soko lilikuwa kubwa, maana wafanyakazi wa migodi, upande wa Katanga na upande wa Copperbelt, walihitaji chakula. Katika miaka ya 1940 pumbu walivuliwa bila kipimo, na kabla ya miaka ya 1950 kwenda mbali, yale makundi yalikuwa yamekwisha. Hayajarudi kama zamani. Hawakukosa nyavu wala nguvu. Walikula wazazi pamoja na wana.

Mungu alikuwa amelisema jambo hili zamani. Katika Kumbukumbu la Torati 22:6-7, mtu akikuta kiota njiani anaruhusiwa kuchukua makinda, lakini mama yao amwache aende, ili apate heri na siku nyingi. Ndiyo sababu serikali ya Zambia inafunga uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari: samaki wapate kuzaa. Mwaka mpya unatukuta hapo kila mara, ziwa limefungwa, chisense ni haba sokoni, bei iko juu. Wengine wananung'unika. Mkristo ajifunze: kuna miezi ya kula na miezi ya kuacha ili kesho kuwepo.

Katika biashara ndogo, mama samaki ni mtaji. Tuseme mama ana kwacha 150 za kununua unga, sukari na mafuta. Anapika mandazi, anauza kwa 210. Faida yake ni 60, si 210! Akinunua kitenge cha 100 siku hiyo, amekula faida yote na 40 za mtaji, na kesho atapika kidogo. Baada ya wiki mbili tunamwona amekaa, anasema biashara imekufa. Haikufa, ililiwa. Weka mtaji katika kitambaa chake na faida katika kitambaa chake. Vivyo hivyo mkulima: mahindi ya mbegu hayapikwi, hata kama sufuria inalia. Mwaka 2024 ukame uliharibu mahindi sehemu kubwa ya Zambia, hata Rais akatangaza janga la taifa tarehe 29 Februari, na bei ya unga ikapanda. Muhogo huvumilia jua kuliko mahindi. Mwenye muhogo shambani ana benki isiyoibiwa haraka, na sombe juu yake.

Akiba ya Yusufu

Mtu atasema: Bwana alituambia tusisumbukie kesho. Ni kweli, Mathayo 6. Lakini kusumbuka ni kitu kimoja, na kupanga ni kingine. Mwenye kusumbuka halali na hafanyi kitu. Mwenye kupanga anafanya sehemu yake, kisha analala. Yusufu alikuwa mgeni aliyepelekwa Misri kwa nguvu, hakuchagua kwenda, kama sisi. Huko ugenini alishauri sehemu moja ya tano ya mavuno iwekwe katika miaka ya shibe (Mwanzo 41:34). Miaka ya shibe kwetu ni ile wiki ya mgao au ya mavuno. Kama huwezi moja ya tano, weka kwacha 2. Kitu cha kwanza ni tabia, kiasi kitafuata.

Na usiweke peke yako. Likelemba tuliijua Kongo, na hapa wanaiita chilimba: mama kumi wakitoa kwacha 50 kila wiki, kila wiki mmoja anapokea 500. Ni nzuri, lakini mwenye zamu ya mwisho anangoja wiki kumi, na mgonjwa hangoji. Kwa hiyo wengine wanafanya kikundi cha kuweka na kukopeshana, ambacho tuliokuwa Kongo tulikiita AVEC. Mtindo huu ulianza Niger mwaka 1991 kati ya akina mama wa vijijini, wengi wao wasiojua kusoma, ukaenea Afrika yote. Siri yake ni uwazi. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa watu watatu. Pesa zinahesabiwa mbele ya wote. Mwanachama anakopa kwa riba ndogo waliyokubaliana, na riba hiyo inabaki kwao wenyewe. Mwisho wa mwaka wanagawana. Mkikopeshana 200 kwa riba ya kumi kwa mia, utarudisha 220. Linganisha na 300 ya kaloba.

Baba na mama wafungue mfuko pamoja

Baba zetu, tusikasirike. Kuna nyumba ambamo mama hajui baba amepata kiasi gani, na baba hajui mama ameficha wapi. Hiyo si ndoa, ni wapangaji wawili. Mwanamke wa Mithali 31 aliangalia shamba, akalinunua, akapanda kwa mapato ya mikono yake. Na mume wake alimwamini. Siku ya mgao mkae pamoja na kuandika vitu vinne: chakula, deni, akiba, sadaka. Asiyejua kuandika atumie punje za mahindi. Na lutuku haina mstari katika karatasi hiyo.

Hanania na Yeremia

Jambo lingine linatuumiza zaidi. Wapo wanaosema: nisipande, nisijenge, maana mwaka huu tunaondoka. Wengine wameuza majembe na sufuria wakingoja ndege. Watu wa Yuda walipokuwa Babeli, Hanania alitabiri kwamba katika miaka miwili yote yatarudishwa. Watu walimpenda. Yeremia aliwaandikia tofauti: jengeni nyumba, pandeni bustani, ozesheni watoto, mwombeeni amani mji mnaokaa, maana itakuwa miaka sabini. Hakuwanyima tumaini, katika barua hiyo hiyo Mungu anaahidi kuwarudisha. Aliwanyima uvivu wa kungoja.

Wazee wetu wanajua. Waliovuka kutoka Pweto mwaka 2000 walikaa Kala na Mwange miaka karibu kumi. Wapo waliorudi nyumbani, wakakimbia tena mwaka 2017, na mwaka 2018 wakaanza upya hapa Mantapala. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na safari za familia nyingi duniani zikakatika ghafla. Aliyekuwa amepanda muhogo alilia, lakini alikula. Aliyekuwa ameuza jembe alilia na njaa.

Na mtu akikuambia utoe pesa ili jina lako liingie katika orodha ya kusafiri, huyo ni mwizi. Huduma za HCR hazilipiwi, hata ngwee moja. Vivyo hivyo mhubiri anayekwambia uuze unga wa watoto upande mbegu kwake ili Mungu akupe gari: Bwana wetu aliwakemea waliotumia sadaka kama kisingizio cha kuwaacha wazazi wao na njaa (Marko 7:9-13). Tutoe, ndiyo, na tutoe kwa furaha. Lakini Paulo anafundisha kwamba utoaji hupokelewa kwa kadiri ya alichonacho mtu, si kwa asichonacho (2 Wakorintho 8:12).

Tufanye nini?

Mwezi huu, kila nyumba ifanye mambo matatu. Moja, andikeni madeni yote, hata ya chumvi, mkaanze na lile lenye riba kubwa. Nendeni kwa mnayemdai na mnayedaiwa, msijifiche. Mbili, tafuteni chupa yenu ya mafuta, kile mlicho nacho, mkianze kabla mvua haijaisha. Tatu, ingieni katika kikundi chenye hesabu ya wazi. Na wenye nguvu kidogo wamkumbuke jirani asiye na hata chupa. Mjane wa Elisha alipona kwa sababu majirani walimwazima vyombo. Kama wangefunga milango, mafuta yangemwagikia wapi?

Tuombe. Ee Bwana, ulitutunza njiani, ututunze na hapa. Utupe mikono yenye kazi, mdomo usiodanganya, na moyo usioabudu pesa wala kuipoteza. Uwafungue walio katika deni, na uwageuze wanaowakandamiza. Urudishe amani Kongo, ubariki Zambia iliyotupokea. Katika jina la Yesu, Amina.

Heri ya mwaka mpya, na Mungu awabariki nyote.