Sanduku la Kufuli Tatu

Mama yangu mdogo ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama karibu na mwalo wa Mwigobero, Musoma. Kila Jumamosi jioni wanakaa kwenye mkeka, sanduku la chuma katikati. Lina kufuli tatu, na funguo zake zinakaa kwa watu watatu wasioishi nyumba moja. Mmoja asipofika, sanduku halifunguki, hata pawe na msiba. Hisa zinagongwa muhuri kwenye vitabu, na aliyechelewesha rejesho anatajwa mbele ya wote. Nayasema haya mwanzo ili msomaji asije akadhani kwamba yaliyowapata yalitokana na ujinga.

Wageni walianza kuletwa na kijana mmoja wa hapa hapa mjini mwenye gari la watalii. Aliwapokea wakitoka Serengeti kwa lango la Ndabaka, akapita nao Bunda, akawapeleka Butiama kuona kaburi la Mwalimu Nyerere na makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1999, mwaka ule ule aliofariki. Kisha akawaleta ziwani kula chakula kilichopikwa na kikundi cha mama mdogo.

Chakula kilikuwa chetu kwelikweli. Sato aliyevuliwa usiku, akachemshwa kwa nyanya, kitunguu na ndimu. Ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama. Dagaa wa kukaanga, na majani ya kunde yaliyoungwa karanga. Wageni walipewa mwiko wajaribu kusonga, wakafundishwa kufinya tonge. Niliwatazama nikafurahi kutoka moyoni, kwa sababu Musoma tumezoea mlaji tusiyemwona: kiwanda kinachuna sangara, minofu inasafirishwa kwenda Ulaya, sisi tunabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa. Safari hii mlaji alikuja mwenyewe, akaketi, akamjua aliyempikia.

Kulikuwa na ahadi pia. Kijana alisema kwamba katika malipo ya kila mgeni kuna fungu la uji wa watoto wa shule moja ya msingi upande wa Bunda. Alikuwa na picha kubwa ya watoto wameshika vikombe, akiionyesha kila mara kabla ya chakula. Akina mama waliposikia hivyo walipunguza bei yao ya kupika. Hakuna aliyewalazimisha. Walisema, watoto ni wetu.

Msimu mzima wa kiangazi walipika kwa bei hiyo. Mkaa ulipopanda, walivumilia.

Mimi nilikwenda Bunda kuzika. Siku ya pili, nikiwa na nafasi, nilipita kwenye ile shule kuwasalimu walimu na kuona uji. Mwalimu mkuu alinikaribisha vizuri, akanitazama kama mtu asiyeelewa ninachouliza. Ndiyo, alisema, waliletwa wageni mara moja. Walikuja na magunia mawili ya unga na sukari kidogo, vikaisha wiki ile ile. Nikamuuliza kuhusu vikombe vya kwenye picha. Akanijibu kwamba vililetwa kwenye gari na viliondoka na gari.

Kijana hakukana. Alisema pesa aliikopa tu: tairi zilikwisha, mafuta yalipanda, wageni wengine walighairi. Alikusudia kuirudisha. Ninamwamini kwamba alikusudia, na bado nasema alikosa sana, kwa kuwa kila siku aliyokopa aliendelea kuionyesha ile picha.

Nilipomweleza mama mdogo, alikaa kimya muda mrefu akichambua dagaa. Kisha akasema, “Mwanangu, elfu mbili zangu nimezifungia kufuli tatu. Za watoto wa watu nikaziacha mfukoni mwa mtu mmoja.”

Wale wageni walikuwa wametoka kusimama kwenye kaburi la mtu ambaye hakuwaacha hata viongozi wenzake waishi kwa kuaminiwa tu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliyaandika masharti waziwazi: kiongozi asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Sisi tulikuwa na shughuli ndogo kuliko nchi, na hatukuandika hata mstari mmoja.

Kuna na njia nyingine ya kuulinda wema: Iringa kuna mgahawa wa Neema Crafts, shughuli iliyoanza mwaka 2003. Wanaokuhudumia pale ni viziwi. Unaagiza kwa maandishi au kwa ishara. Anayenufaika ndiye anayekuletea chai, na mshahara ni wake. Hapo hakuna mtu katikati wa kubeba pesa ya wema kutoka meza moja hadi kijiji kingine. Wema ukiwa na safari ndefu, kila kituo kinahitaji shahidi.

Hasara haikuishia kwa watoto. Habari zilipoenea, hata vikundi vingine vya mama lishe vilivyokuwa vikiwapikia wageni bila kasoro vilitiliwa shaka. Wavuvi wanaijua hali hiyo. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya taarifa za uvuvi wa sumu, hata ambaye hakuwahi kuishika sumu alikosa mnunuzi.

Sasa kikundi kimerudi jikoni, na kijana bado anawaletea wageni, wachache kuliko zamani. Bei ya mpishi imerudi pale inapostahili. Fungu la watoto limetengwa, limeandikwa ubaoni kwa tarakimu, na mgeni analitumbukiza mwenyewe kwenye sanduku dogo. Ufunguo mmoja uko kwa mama mdogo, wa pili kwa kijana, wa tatu kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, ambaye mwisho wa mwezi hupanda basi kutoka Bunda kuja kulifungua, akahesabu, akatia saini.

Nawe ukipita Musoma ukaalikwa kula kwa ajili ya watoto, kula, samaki wetu ni watamu. Ila kabla hujanawa mikono, uliza jina la shule na namba ya mwalimu mkuu, umpigie ukiwa bado umekaa kwenye mkeka.